Nyota Ifapo na Wenziwe

Mwezi wa Januari mwaka 1779 Mfaransa Charles Messier alikuwa akiifuatilia nyota ya mkia iliyokuwa ikipita angani, ndipo katika kundi la Kinubi alipokuta doa dogo la nuru lisilosogea. Halikuwa nyota, kwa kuwa halikuwa nukta. Halikuwa nyota ya mkia, kwa kuwa masiku yalipita nalo likabaki pale pale. Alilitia katika orodha yake ya vitu vinavyoweza kuwapoteza wasakaji wa nyota za mkia, likawa la 57. Muda mfupi baadaye Antoine Darquier wa Toulouse, aliyekuwa akiifuata nyota ile ile ya mkia, naye aliliona, akalifananisha na sayari: kubwa kiasi cha Mshtarii, lakini imefifia.

Aliyeligeuza fananisho hilo kuwa jina ni William Herschel. Alizaliwa Hanover mwaka 1738, akawa mwanamuziki kwa kazi, akahamia Uingereza, na katika mji wa Bath akawa mchana anafundisha muziki na usiku anatazama mbingu kwa darubini alizozitengeneza kwa mikono yake, huku dada yake Caroline akimsaidia na baadaye akiandika hesabu zake. Tarehe 13 Machi 1781 aliigundua sayari Uranus. Mwezi wa Septemba mwaka uliofuata, katika kundi la Ndoo, alikutana na kiduara hafifu chenye ukingo, kilichofanana mno na sayari yake mpya. Alipokwisha kukusanya kadhaa za namna hiyo aliziita nebula za sayari, na hakudai kwamba ni sayari hasa. Jina hilo la mshabaha limeishi zaidi ya miaka mia mbili, na hadi leo kila mwalimu wa falaki hulazimika kuanza somo hili kwa kulikanusha.

Katika zama zake Herschel alijulikana kwa rai moja: kwamba kila wingu la nuru angani ni jamii ya nyota zilizo mbali mno, na kwamba darubini ikikua, wingu litafumuka kuwa nyota moja moja. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1790 aliona jambo lililomtoa katika rai hiyo. Katika kundi la Ng'ombe palikuwa na nyota moja iliyokaa katikati hasa ya duara la nuru nyepesi. Ikiwa duara lile ni nyota, alifikiri, basi ama zile za pembeni ni ndogo kupita kiasi, ama ile ya katikati ni kubwa kupita kiasi, na yote mawili hayaelekei. Haikubaki ila kukiri kwamba yako angani mawingu yang'aayo yasiyokuwa nyota. Ni wachache katika historia ya elimu waliojijengea sifa juu ya rai fulani kisha wakaibomoa wenyewe, kwa maandishi, wala hawakusubiri adui awafanyie kazi hiyo. Herschel alifanya hivyo mwaka 1791.

Lakini palepale alipopata kweli moja alikosa nyingine. Alidhani kwamba maji-maji yale ya nuru yanajikusanya polepole na kuifanya nyota, yaani alitazama kitanda cha mgonjwa mahututi akakidhani kuwa ni kitanda cha mzazi. Fikra hiyo ilidumu muda mrefu, kwa sababu iliingiana vyema na nadharia iliyopendwa ya kwamba jua na sayari zake zilitokana na wingu lililojikunja. Mpaka hapo, lakini, hakuna aliyejua kwa yakini wingu lenyewe ni kitu gani. Huko Birr, Ireland, Lord Rosse aliyekuwa na darubini kubwa kuliko zote za wakati wake alichora mwaka 1848 nebula yenye matundu mawili meusi kama macho, na tangu siku hiyo ikaitwa Bundi. Michoro ilizidi kuwa mizuri. Fumbo likabaki vile vile.

Lililofumbuliwa kwanza halikuwa umbo, bali asili ya ile nuru. William Huggins alikuwa mtoto wa mwenye duka la nguo London. Aliacha biashara ya familia, akajenga chumba cha darubini nyumbani kwake Tulse Hill, na akishirikiana na jirani yake mwanakemia William Miller akaanza kuipitisha nuru ya nyota katika kipande cha kioo kinachoichambua kuwa rangi zake. Nuru ya nyota hutoka ikiwa utepe wa rangi zote, wenye mistari myeusi ndani yake. Tarehe 29 Agosti 1864 aliielekeza darubini yake kwenye nebula ya sayari iliyo katika kundi la Joka, akitarajia utepe. Hakuona utepe. Aliona mstari mmoja tu unaong'aa. Kwanza alishuku kwamba kioo chake kimesogea; alipohakikisha hakikusogea, alifahamu kwamba anatazama gesi. Mistari mingine michache ilionekana baadaye, mmoja wao ukiwa wa hidrojeni, lakini ule mkuu wa rangi ya kijani haukulingana na kitu chochote kilichowahi kuchomwa katika maabara ya duniani.

Wataalamu wakafanya kama wafanyavyo wenye haraka: wakaubunia mstari huo mzazi. Walisema iko elementi ambayo dunia haina, na mwaka 1898 Margaret Huggins, mke wa William na mshirika wake wa kazi, aliandika jina lake, nebuliamu. Kwa wakati ule dhana hiyo haikuwa ya kuchekwa, kwani heli nayo ilijulikana kwanza kwa mstari wake katika jua ndipo ikapatikana duniani mwaka 1895. Ila kadiri jedwali la elementi lilivyokuwa likijazwa, nafasi ya nebuliamu ilikosekana. Mwaka 1927 Ira Bowen wa California alionyesha kwamba mgeni huyo ni oksijeni tu, hii hii tunayoivuta, iliyonyang'anywa elektroni mbili. Atomu kama hiyo ikisisimuliwa huweza kukaa takriban nusu dakika kabla ya kuitoa nuru ile ya kijani. Katika chombo chochote cha maabara itagongwa na wenzake mara nyingi mno kabla ya nusu dakika hiyo, na nguvu yake itapotea kwa mgongano. Angani, ambako katika ujazo wa sentimita moja huenda mna chembe elfu chache tu, inapata faragha ya kusubiri. Kwa hiyo mstari ule ulikuwa ushahidi wa utupu, si wa elementi mpya. Karibu na wakati huo huo Herman Zanstra alieleza zinakotoka nguvu: nyota ya katikati ina joto kali hata miali yake mingi ni ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na gesi iliyoizunguka huimeza miali hiyo na kuitoa tena kwa rangi zinazoonekana. Nebula haijichomi yenyewe. Huwashwa na kilichomo ndani yake.

Ama maumbo, yalikuwa yamekwisha kuorodheshwa. Mwaka 1918 Heber Curtis wa kituo cha Lick, California, alichapisha picha na michoro ya nebula za sayari 78, kazi ambayo bado inastahili kutazamwa kwa ustadi wa mkono wake. Ndani yake yumo kila mmoja wa jamaa tuwajuao leo: pete, yai, mabawa mawili, gamba ndani ya gamba, na nyingine zisizo na jina. Duara kamili lilikuwa adimu. Katika chapisho hilo hilo la Lick, William Campbell na Joseph Moore walionyesha kwamba mistari ya nuru ya nebula nyingi imepasuka na kupinda, jambo walilolielewa kuwa ni dalili ya kuzunguka. Baadaye ilithibitika kwamba maana yake kubwa ni nyengine: upande mmoja wa gesi unatujia na wa pili unatukimbia. Nebula inatanuka. Kinachotanuka hakiwezi kuwa kinajikusanya ili kuzaa nyota, na hapo ndipo hoja ya Herschel ya uzazi ilipokosa mguu wa kusimamia.

Aliyeyaunganisha hayo alikuwa Iosif Shklovsky wa Moscow, mwaka 1956. Hoja yake ilikwenda pande mbili za wakati. Ukiirudisha nyuma nebula inayotanuka, utaifikisha mahali ambapo ukubwa na wepesi wake ni ule wa ngozi ya nje ya jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka na kuvimba mara mamia ya upana wa jua. Ukiipeleka mbele nyota iliyo katikati, inayofifia na kujikaza, utaifikisha kwenye kibete cheupe, mzoga wa nyota usiozidi sana dunia kwa ukubwa. Kwa hiyo nebula ya sayari ni mlango kati ya hali hizo mbili, nao hauachwi wazi muda mrefu: baada ya miaka elfu kumi au ishirini hivi gesi imetawanyika, na kilichosalia ni kile kibete peke yake kikipoa. Umri wa nyota huhesabiwa kwa mamilioni na mabilioni ya miaka. Ndiyo maana katika kundi letu zima la nyota, lenye nyota zaidi ya bilioni mia, nebula za sayari zinazojulikana ni elfu chache tu.

Shklovsky hakueleza, hata hivyo, gesi ilitokaje. Wengi walidhani inarushwa ghafla, mara moja, kama mtu anavyotupa shuka. Mwaka 1978 Sun Kwok na wenzake wawili, Chris Purton na Pim Fitzgerald, walipendekeza jambo la utaratibu zaidi. Jitu jekundu halitupi ngozi yake kwa siku moja; huivuja kwa upepo mzito wa taratibu, kama kilomita kumi kwa sekunde, na katika siku zake za mwisho huweza kupoteza uzito wa jua zima kwa muda wa miaka laki moja au chini yake. Inapobaki kiini kitupu chenye joto, huanza kuvuma upepo wa pili, mwembamba lakini wa kasi ya kilomita elfu na zaidi kwa sekunde. Upepo wa pili huukuta wa kwanza ukiwa njiani, huusukuma, huukusanya mbele yake kama fagio linavyokusanya mchanga, na ule ukuta uliokusanywa ndio nebula tunayoiona. Mwaka huo huo ilirushwa darubini ya anga ya miali ya urujuanimno, nayo ikauona upepo wa kasi ukitoka kweli katika nyota hizi.

Nadharia ya pepo mbili ilieleza karibu kila kitu ila umbo. Upepo ulio sawa pande zote ukiusukuma upepo ulio sawa pande zote, zao lake ni tufe. Nebula zilizo tufe hasa ni kama humusi moja tu. Mwaka 1987 Bruce Balick wa Marekani alisukuma hoja hatua moja mbele: tuseme upepo wa kwanza haukuwa sawa, bali ulikuwa mzito zaidi kiunoni mwa nyota na mwepesi kwenye ncha zake. Basi upepo wa kasi utakwama kiunoni na kupenya ncha mbili, na hapo yatatokea mayai, na kiuno kikikazwa zaidi, yatatokea mabawa ya kipepeo. Kompyuta zilikubali. Lakini swali halikujibiwa, lilihamishwa: huo mshipi wa kiunoni umefungwa na nani?

Swali hilo lilizidi kuwa zito darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 na kutengenezwa macho yake Desemba 1993. Nebula ile ile ya Huggins, inayoitwa Jicho la Paka, ilipopigwa picha mwaka 1994 ilionekana kuwa na viputo vinavyokatana, ncha zinazochomoza, na nje yake duara nyembamba moja baada ya nyengine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa katika maji, zikipishana kwa miaka 1500 hivi. Hakuna mshipi mmoja uwezao kufanya yote hayo. Mwaka 1998 Raghvendra Sahai na John Trauger, baada ya kuzichunguza nebula changa kwa Hubble, walisema kwamba kabla upepo wa kasi haujaanza, michirizi miwili ya gesi iliyokaza hupita na kuchonga, na pengine hubadili mwelekeo wake. Hapo wataalamu waligawanyika. Wapo walioelekeza kidole kwenye nguvu ya sumaku ya nyota, wapo walioshikilia kuzunguka kwake, na wapo, Noam Soker wa Israel akiwa mstari wa mbele kwa ukaidi uliowachosha baadhi ya wenziwe, walionena kwamba nyota pweke haiwezi kuyafanya hayo hata ikitaka.

Hoja ya hao wa mwisho ni nyepesi kuifuata. Nyota inapovimba mara mamia, mzunguko wake hupungua kasi, kama mchezaji anayezunguka anapofungua mikono. Jitu jekundu lililo peke yake karibu halizunguki kabisa, na lisilozunguka haliwezi kujifunga mshipi kiunoni wala kuidumisha sumaku ya nguvu kwa muda wa kutosha. Mzunguko inabidi uletwe kutoka nje, na aliye nje ni mwenza: nyota ya pili, au hata sayari kubwa. Tena jambo hili halikuwa geni. Mwaka 1976 Bohdan Paczyński, Mpolandi, alikuwa ameeleza kwamba jitu likivimba huweza kummeza mwenza wake. Wawili wakawa wanazunguka ndani ya joho moja la gesi, mwenza akizama na kulikoroga joho hilo mpaka likatoka, likitokea zaidi kiunoni. Mwaka huo huo Howard Bond alitambua kwamba katikati ya nebula Abell 63 ziko nyota mbili zinazopatwa moja na nyengine, zikizungukana kwa muda wa saa kumi na moja hivi. Nyota zilizokaribiana namna hiyo hazikuwa na nafasi ya kukaa hapo wakati moja yao ilipokuwa jitu. Ushahidi wa joho la pamoja ulikuwa umekwisha kupatikana. Kilichokosekana ni hesabu ya kuonyesha kwamba hali hiyo si ya wachache. Tafiti za mwaka 2009 zilikuta wenza wa karibu hivyo katika nebula moja kwa kila sita, takriban. Ni wengi, lakini si wote, na wapinzani hawakukosa kulisema hilo.

Wenza wa mbali ndio waliokuwa wakijificha. Mwaka 2012 darubini za redio za ALMA, zilizopangwa kwenye uwanda wa Chile ulio mita 5000 juu ya bahari, ziliikuta nyota R Sculptoris, jitu ambalo bado halijafikia hatua ya nebula, imezungukwa na gesi iliyojiviringa kama utumbo wa saa. Mviringo wa namna hiyo huchorwa na nyota inayotoa upepo huku ikivutwa huku na huku na mwenza asiyeonekana. Mwaka 2020 Leen Decin wa Leuven na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyota kongwe 14 kwa vyombo hivyo hivyo, na hawakupata hata moja ambayo upepo wake ulikuwa sawa pande zote. Umbo la nebula, kwa hivyo, huanza kuchorwa kabla ya nebula kuwaka.

Darubini ya Webb ilipotoa picha zake za kwanza tarehe 12 Julai 2022, mojawapo ilikuwa ya nebula NGC 3132. Hii iko katika kundi la nyota liitwalo Tanga, ambalo wakazi wa visiwa vyetu huweza kuliona vyema upande wa kusini, ijapokuwa nebula yenyewe haionekani bila ya chombo. Imejulikana tangu mwaka 1835, John Herschel, mtoto wa William, alipoipata akiwa Rasi ya Tumaini Jema. Kwa miaka mingi ilifahamika kwamba katikati yake ziko nyota mbili, moja ng'avu na moja hafifu, na kwamba ile hafifu ndiyo iliyoitoa gesi. Webb ilionyesha kuwa ile hafifu imezungukwa na vumbi, jambo lisilotarajiwa kwa kibete kitupu. Orsola De Marco wa Sydney aliwakusanya wenziwe karibu sabini, na kabla mwaka haujaisha walitoa hukumu yao: vumbi ni alama ya mwenza wa karibu, viputo vya ndani ni alama ya mwengine, na mistari ya duara ya nje ni ya wa tatu, wote hao mbali na ile nyota ng'avu inayoonekana. Nyota iliyokufa ilikuwa na uzito wa karibu jua tatu, na msibani walihudhuria si chini ya wawili, labda watatu, asiyehesabiwa jirani yao. Wahenga waliosema kifo cha wengi ni harusi hawakuwa na nyota katika fikra zao, lakini mapambo yamo.

Hata ile pete ya Messier imepata maelezo mapya. Picha za Webb za mwaka 2023 zilionyesha nje yake matao kama kumi, yanayopishana kwa miaka 280 hivi. Hakuna jambo la ndani ya nyota lenye mwendo wa muda huo, na Roger Wesson wa Cardiff na wenziwe walihitimisha kwamba palikuwa na mwenza aliyekaa mbali na nyota yake kiasi cha Pluto na jua letu. Tena si pete. Vipimo vya mwendo wa gesi yake vimeonyesha kwamba ni umbo refu mfano wa pipa, ambalo sisi tumesimama karibu usawa wa mdomo wake. Angekuwapo mtazamaji mwengine pembeni, angeona kitu chenye mabawa, na pengine angelipa jina lisilokaribiana na pete hata kidogo. Michoro yote ya Curtis inabeba sharti hilo: ni maumbo kama yaonekanavyo kutoka hapa.

Likabaki suala la jua letu, ambalo baada ya miaka bilioni tano hivi litavimba na kuivua ngozi yake. Mwaka 2018 Krzysztof Gesicki, Albert Zijlstra na Marcelo Miller Bertolami walionyesha kwa hesabu kwamba nebula yake itaweza kuonekana, ingawa kwa ufifi. Kabla yao wengi waliamini kwamba kibete chake kitachelewa kupata joto na gesi itakuwa imekwisha kutawanyika. Kuhusu umbo, jua halina nyota mwenza. Linayo Mshtarii, na wataalamu hawajaafikiana kama sayari moja ya uzito huo, katika umbali huo, yatosha kuukunja upepo wa mzee wake.

Wanaotaka kuona jua pweke litakavyokufa huelekezwa kwenye Abell 39, katika kundi la Hercules, moja ya nebula zilizopatikana katika bamba za picha za Palomar na kuorodheshwa na George Abell. Ni tufe karibu kamili, ukuta wake mwembamba kama wa povu la sabuni, na imetumika sana kupimia nadharia kwa sababu ya wepesi wa umbo lake. Mwaka 2001 ilipopimwa kwa makini, nyota yake ilikutwa imesogea kidogo kutoka katikati.